Kopo la Rajabu

Mwaka jana kijana mmoja wa shirika, mpole na mwenye heshima, alikuja nyumbani kwetu hapa Nyarugusu na karatasi zake za maswali. Alitukuta kina mama sita kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe cha unga wa mahindi na kingine cha njegere za kupasua, tunamimina kwenye ndoo. Akauliza ni za nini. Nikamwambia ni za Idi. Akahesabu kwa vidole. "Lakini mama, Idi si bado miezi mitatu?" Nikasema ndiyo, ndo maana tumeanza. Hapo akauliza swali ambalo siku ile sikulijibu: kama mgao hautoshi, na wenyewe mnasema kila siku hautoshi, mnatoa wapi cha kwenda kubadilisha na sukari na unga wa ngano?

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaaga, akaenda. Swali lake halikuwa baya. Ila jibu lake ni refu, na linaanzia Bujumbura kabla yeye hajazaliwa. Ndo hili.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi. Kwa ndugu zangu wa Kongo na kwa wageni wasioujua, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Njia zake zina namba: avenyu ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo mpaka zaidi ya ishirini. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, anakujibu kwa namba. Wazee wetu walifika kwa njia ya ziwa. Kulikuwa na wafanyabiashara, wapagazi, mafundi na askari, wengi wakipitia Ujiji, wengine asili yao pwani, wengine Maniema. Wajerumani walipoweka kambi yao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, watu hao walikaa kando yake. Wabelgiji walipouchukua mji mwaka 1916, waliwakuta. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 jina la Usumbura likawa Bujumbura, lakini Kiswahili kilibaki Buyenzi, na jiko la Kiswahili likabaki nacho: pilau, sambusa, maandazi, visheti, kashata.

Sasa, tatizo la jiko hilo ni kwamba vitu vyake vinatoka mbali. Mihogo, maharage na mawese tunavyo. Lakini unga wa ngano wa dukani kwa sehemu kubwa ulitoka nje, na amira, na iliki, na uzi wa kufumia. Mzigo ulishuka Dar es Salaam, ukapanda treni mpaka Kigoma, kwenye reli ile iliyofika ziwani mwaka 1914, halafu ukapakiwa melini mpaka bandari ya Bujumbura. Siku hizi malori yamechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini umbali ni ule ule. Mji wetu umekaa mwisho wa kamba ndefu. Mtu akiikanyaga kamba hiyo popote, Buyenzi tunasikia.

Kwa hiyo kina mama wa Buyenzi hawakungoja Ramadhani ifike ndo waanze kuhangaika. Walikuwa na kalenda yao. Rajabu ilikuwa mwezi wa sindano: vitambaa vya kochi, kofia za watoto, mapambo ya mezani, na nguo kupelekwa kwa fundi mapema, maana fundi cherehani wa wiki ya mwisho, hata awe mcha Mungu namna gani, atakudanganya. Shaabani ilikuwa mwezi wa kopo: kila siku kikombe cha sukari au cha unga. Unga ulianikwa kwanza juani na kuchungwa, wasije wakaingia fukusi. Kopo la sukari lilisimamishwa ndani ya beseni la maji ili sisimizi wasivuke. Kumi la mwisho la Ramadhani ndo ulikuwa wakati wa kukaanga visheti na kukata kashata, vitu vikavu vinavyokaa wiki nyingi ukivifunga vizuri. Keki ilisubiri siku mbili za mwisho. Ilipikwa kwenye sufuria, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko.

Na sahani hazikubaki kwetu. Jirani yetu alikuwa Mkristo. Sahani yetu ilienda kwake Idi, na yake ikaja kwetu Noeli na Bonane. Haikurudishwa tupu hata siku moja.

Nilikuwa na miaka tisa Idi ya mwanzo wa Machi 1995. Wiki tatu baadaye vita viliingia Bwiza na Buyenzi, na watu wengi wakakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Na sisi tulikuwemo. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikapewa kopo la visheti vilivyobaki. Nililalamika njiani kwamba ni zito. Siku mbili za kwanza huko Uvira hatukuwa na kitu kingine cha kula. Mama alihesabu, vitatu vitatu, na alipomwona mtoto wa watu anatuangalia, akahesabu na vyake. Tulirudi nyumbani kabla Uvira nayo haijawaka moto mwaka 1996.

Tukarudi kwenye vikwazo. Julai 1996 Meja Buyoya alichukua serikali kwa mapinduzi, na siku chache baadaye nchi za jirani zikakutana Arusha na kuifungia Burundi mipaka ya biashara. Watu wa Bujumbura waliita "ambargo". Mafuta ya gari yakawa ya magendo. Petroli ikipanda, kila kitu kinapanda nayo. Aprili 1997 walilegeza kidogo, chakula kikaruhusiwa, lakini bei haikurudi ilikokuwa. Vikwazo vilisimamishwa tarehe 23 Januari 1999, siku chache tu baada ya Idi. Kwa hiyo tulisherehekea Idi tatu ndani ya ambargo: Februari 1997, Januari 1998 na Januari 1999. Nazihesabu kwa Idi kwa sababu nyumbani kwetu ndivyo zilivyohesabiwa.

Mwaka wa kwanza mama alianza mwezi mmoja kabla ya Rajabu. Uzi haukupatikana, au ulipatikana kwa bei ya kukufanya ucheke. Akanunua sweta kuukuu la mitumba, akalifumua, akaosha uzi, akauzungushia kiti ukauke bila kujikunja, na kwa uzi huo akafuma vitambaa viwili vya rangi ya udongo. Vilikuwa vibaya. Nasema kweli, vilikuwa vibaya, na tulivitandika.

Sukari alikusanya kwa kijiko. Kila alipoweka sukari kwenye chai ya baba, alitia kijiko kimoja kwenye kikombe na kimoja kwenye kopo. Baba aliyekuwa akinywa viwili akanywa kimoja. Alinuna wiki nzima, halafu akazoea.

Idi ya pili ndo ya kuieleza vizuri. Usiku wa kuamkia Bonane ya 1998, Ramadhani ikiwa imeanza tu, tulisikia milio kutoka upande wa uwanja wa ndege. Waasi walikuwa wameshambulia Rukaramu. Mamia ya raia walikufa, na walionusurika wakatawanyika mjini kwa ndugu na jamaa. Kwa jirani yetu, yule wa sahani za Noeli, walifika watu tisa, watano kati yao watoto. Yeye mwenyewe alikuwa mjane, na mwisho wa mwezi ulikuwa umeshakula alichokuwa nacho.

Mama alishusha kopo la sukari kutoka juu ya kabati. Akashusha na la unga. Sikuamini. Mimi ambaye nikichovya kidole napigwa, namwona anabeba makopo yote mawili anavuka uani. Uji ulipikwa kule siku tisa. Idi ilipofika mwishoni mwa Januari, hatukuwa na visheti wala keki. Tulikuwa na chai ya kijiko kimoja na mihogo, na vitambaa vya rangi ya udongo.

Nililia. Nilimwambia, mama, ulisema ni ya Idi. Akaniambia: "Ingekuwa ya sisi, tungeshaila zamani. Kwa kuwa ilikuwa ya Idi, ndo ukaikuta."

Sikuelewa siku ile. Nilikuja kuelewa nikiwa na nyumba yangu. Chakula cha kila siku huliwa kila siku, hata ukikificha, kwa sababu njaa ya leo ina haki. Ukimwambia mtu maskini aweke akiba ya shida, hataweka. Shida iko mlangoni tayari, ataanza kuila akiba jioni hiyo hiyo. Lakini mwambie aweke ya Idi. Ataweka, na hataigusa, na watoto watalala na njaa kidogo bila kuiulizia, kwa sababu wanajua siku inakuja na wanajua ni siku gani. Katika nyumba za Buyenzi, miaka ile ya vita, kopo la sikukuu lilikuwa akiba pekee iliyodumu zaidi ya wiki moja. Lilidumu kwa sababu lilikuwa na jina.

Tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili, soko kuu la Bujumbura liliungua. Mimi nilikuwa nauza uzi na sindano humo ndani. Sikuokoa hata bobini. Mwaka ule hatukungoja Rajabu.

Na mwaka 2015 Rajabu ilianza Aprili. Tarehe 25 ya mwezi huo ilitangazwa kwamba rais atagombea tena, kesho yake vijana wakawa barabarani. Tarehe 13 Mei kukawa na jaribio la mapinduzi. Kopo langu lilikuwa limefika nusu. Tulipoamua kuondoka nilimpelekea unga na sukari jirani yangu Mkristo, nikabeba uzi na kulabu ya kufumia, kwa sababu ni vyepesi. Tulipita Nyanza-Lac mpaka Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, kikiwa kimefurika watu, na kipindupindu kimeshaingia. Tulilala ufukweni siku sita. Meli iliyotutoa ni Liemba, ile ile ya Wajerumani, iliyozamishwa mwaka 1916 na baadaye ikaibuliwa na kurudishwa kazini. Nilipokuwa nimekaa sitahani nilifikiri: ni ziwa lile lile lililotuletea unga miaka yote, leo mzigo ni sisi. Kigoma tukapita uwanja wa mpira, kisha mabasi mpaka hapa.

Idi yetu ya kwanza kambini ilikuwa Julai 2015. Hakukuwa na kopo. Nilikuwa nimefuma kofia moja, nikamvalisha mwanangu, na watoto wa mahema ya jirani wakapanga foleni kuijaribu. Rajabu iliyofuata tulikuwa kina mama wanne kwenye mkeka.

Sitaki kumdanganya yule kijana. Kuna mwaka jambo hili lilituumiza. Mwaka 2017 mgao ulipopunguzwa, wenzetu wengine walijitoa, na walikuwa na haki. Binti yangu mkubwa aliniambia usoni kwamba nawanyima chakula ili nipike biskuti. Nilipunguza kikombe kikawa nusu, sikuacha. Mwezi mmoja baadaye mwenzetu mmoja akajifungua kabla ya siku zake, mumewe hayupo, na ndoo ikafunguliwa. Binti yangu ndiye aliyekoroga uji. Idi ile kila mtoto alipata kisheti kimoja. Mwaka huohuo safari za kurudi kwa hiari zilikuwa zimeanza, na tangu hapo kila mwaka maneno ya kurudi yanazidi. Mwenzetu mmoja aliuliza juzi: tunaweka ya Idi, tunajua tutakuwa wapi Idi? Hakuna aliyejua. Akafikiri kidogo, akamimina kikombe chake. Akasema, nikiondoka kabla, yangu muwape watoto.

Basi, mwanangu wa shirika, jibu ndo hilo. Umeuliza tunatoa wapi. Tunatoa mdomoni mwetu, kidogo kidogo, kama mama yangu alivyotoa kwenye chai ya baba. Kwenye fomu yako kama kuna mahali pa akiba, andika tunayo. Kama kuna mahali pa dharura, andika ndoo ile ile. Na ukija nyumba yoyote ya hapa mwezi wa Rajabu, uone kikombe kinamiminwa, usiseme watu hawa wana ziada.

Karibu pia siku yenyewe. Keki yangu ya sufuria huwa inaungua kidogo chini, mchanga wa hapa si kama wa Bujumbura, lakini juu ni nzuri. Njoo na sahani.