Gugumaji: Adui wa Ziwa Victoria anayelishwa kutoka nchi kavu

KWA zaidi ya miaka 30, wavuvi wa Dunga na fuo nyingine za Kisumu wameizoea hali hii: jioni maji huwa wazi, usiku upepo hugeuka, na kunapopambazuka mashua haziwezi kutoka kwa sababu ziwa limefunikwa na gugumaji.

Asili ya mmea huu ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Uliletwa Afrika kama pambo, kwa sababu ya maua yake ya rangi ya zambarau. Katika Ziwa Victoria ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mto Kagera ukiwa mojawapo ya njia zilizouingiza, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeenea upande wa Kenya.

Hasara yake haiishii kwenye nyavu na injini za mashua. Gugumaji huzuia mwanga na kupunguza hewa ya oksijeni majini, hivyo samaki hukimbia au kufa. Konokono wanaoeneza kichocho nao hujificha katika mizizi yake, karibu na mahali ambapo akina mama huteka maji na watoto huoga.

Hali ilikuwa mbaya zaidi mwaka wa 1998. Picha za setilaiti za Novemba mwaka huo zilionyesha kuwa mmea huo ulikuwa umefunika takriban hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam, ambako mji wa Kisumu na bandari yake vimejengwa. Meli zilikwama na samaki wakaadimika sokoni.

Wakati huo serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zinatekeleza Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria, LVEMP, uliotiwa saini mwaka wa 1994 na kufadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na Hazina ya Mazingira Duniani. Njia tatu zilijaribiwa: kuling’oa gugu kwa mikono, kulikatakata kwa mashine, na kutumia wadudu wanaolila.

Wadudu hao ni aina mbili za fukusi wa jamii ya Neochetina, ambao pia asili yao ni Amerika ya Kusini. Fukusi mkubwa hula majani, naye kiluwiluwi hutoboa kikonyo hadi mmea upoteze nguvu, uingie maji na kuzama. Hutegemea gugumaji ili kuzaliana, wala hawageukii mahindi au mpunga.

Nchini Kenya wadudu hao walianza kuachiliwa mwaka wa 1997, baada ya kufugwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Wanajamii wa mwambao walishirikishwa katika kazi ya kuwafuga na kuwasambaza. Hapo utafiti uligeuka kuwa elimu kwa umma: mvuvi aliyewafuga wadudu kwa mikono yake alielewa kwa nini alihitaji kuwa na subira.

Kufikia mwaka wa 2000, sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imetoweka. Wanasayansi walitofautiana kuhusu sababu. Baadhi waliwapa fukusi sifa zote, ilhali wengine walitaja mvua za El Nino za mwaka wa 1997 na 1998, zilizoleta mawingu mazito na mawimbi yaliyoivunja mimea. Inaelekea mambo hayo yalisaidiana.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa 2006, gugu lilirejea kwa wingi, na tangu hapo limekuwa likipungua na kuongezeka. Mbegu zake zinaweza kukaa hai ndani ya tope kwa takriban miaka 20, zikisubiri wakati wa kuota.

Lakini mbegu peke yake haielezi kasi hiyo. Gugumaji hukua upesi penye nitrojeni na fosforasi nyingi, na virutubisho hivyo hutoka nchi kavu. Mito ya Nyando, Sondu-Miriu na Kibos hubeba udongo na mbolea kutoka mashamba ya milimani na ukanda wa miwa. Kisumu nayo huongeza maji taka. Ghuba ni ya kina kifupi na imejifunga, kwa hivyo kinachoingia humo hukawia kutoka.

Ndiyo maana kuvuna gugu ili kutengenezea vikapu, viti au gesi ya kupikia kunawapa watu riziki, lakini hakuwezi peke yake kulimaliza. Katika mazingira yanayolifaa, gugu huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, kasi ambayo mikono ya mafundi haiwezi kuifikia.

Mabadiliko ya hali ya hewa yameufanya mzigo huu kuwa mzito zaidi. Mvua nyingi za mwaka wa 2019 na 2020 zilipandisha maji ya ziwa hadi Mei 2020 yakavunja rekodi ya mwaka wa 1964. Makao yalifurika kando ya ziwa. Mafuriko ya aina hiyo husomba udongo na uchafu zaidi kuelekea ghubani.

Elimu imefika mbali zaidi ufuoni kuliko milimani. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini, KMFRI, ina kituo Kisumu kinachochunguza samaki na ubora wa maji. Shirika la Osienala, ambalo jina lake kwa Kijaluo linahusu urafiki na ziwa, lilianzishwa mwaka wa 1992 na baadaye likafungua redio inayowafikia wavuvi kwa lugha yao. Huko Dunga, wanafunzi na wageni hufunzwa umuhimu wa mafunjo, ambayo huchuja tope na virutubisho kabla havijaingia ziwani.

Mkulima wa Nandi au Kericho, hata hivyo, haoni gugumaji linalonufaika na mbolea iliyosombwa kutoka shambani mwake. Kwake, hoja ya kuokoa samaki iko mbali. Hoja iliyo karibu naye ni kwamba udongo unaochafua ghuba ndio uleule anaoupoteza, na kwamba matuta, nyasi za kuzuia mmomonyoko na miti kandokando ya mito huukinga.

Somo hilo likimfikia huko juu, mvuvi wa Dunga atanufaika nalo pia. Lisipomfikia, fukusi na mashine zitaendelea kupunguza gugu ambalo kila msimu wa mvua hulishwa upya.