Kukwea Miinuko ya Kano: Vita, Sala na Siku za Kuzaliwa

Awasi ni mji wa soko katika kaunti ya Kisumu, kwenye barabara kuu inayotoka Kisumu kupitia Ahero kwenda Kericho. Umekaa kwenye uwanda wa Kano, nchi bapa ya udongo mweusi, ambako mto Nyando ukivunja kingo zake maji hutuama siku nyingi kwa kukosa mteremko wa kuyaondoa. Hata hivyo, popote mtu anapogeuka hapo huona mwinuko. Kaskazini umesimama ukuta wa Nandi. Mashariki ni Tinderet, volkeno iliyozimika zamani. Kusini ni uwanda wa juu wa Nyabondo, katika nchi ya Nyakach. Siku hizi vijana wa Kano na wa mjini Kisumu huikwea miinuko hiyo kwa makundi, mara nyingi mmoja wao anapotimiza mwaka. Desturi hiyo ni changa. Mababu zao walipanda kwa sababu nyingine kabisa, na tarehe ya kuzaliwa hawakuwa nayo.

Miinuko hiyo ni kazi ya Bonde la Ufa, ambalo hutoa tawi upande wa magharibi hadi Ghuba ya Winam. Ardhi ya katikati ilididimia, pande mbili zikabaki juu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na uwanda wa Kano hauliachi mbali, ilhali ukingo wa Nandi hupita mita 1,800. Anayepanda kutoka upande wa Kibigori au Chemelil huanza katika mashamba ya miwa, akaingia vichakani, akafika kwenye mawe yaliyoporomoka, kisha kwenye majabali ambako mikono hulazimika kuisaidia miguu. Juu kuna majani chai na hewa ya baridi. Majivu ya Tinderet, kwa upande wake, yalihifadhi mifupa ya viumbe wa kale mno: mwaka 1926 mlowezi mmoja wa Koru alikuta visukuku katika machimbo yake ya chokaa, na mwaka 1933 mtaalamu Arthur Tindell Hopwood alimpa mmoja wa viumbe hao, nyani mkubwa asiye na mkia, jina la Proconsul. Wapandaji wengi hupita karibu na machimbo hayo bila kujua.

Kwa muda mrefu ukingo wa Nandi ulikuwa mpaka. Juu waliishi Wanandi, chini Waluo wa Kano, na kati yao ng'ombe walikwenda na kurudi kwa uvamizi, ingawa mahari na biashara ya nafaka navyo vilipita njia zilezile. Simulizi kuu ya vita hivyo ni ya Luanda Magere, shujaa wa ukoo wa Sidho wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ilimdunda. Maadui wa mlimani, ambao Waluo waliwaita Lang'o, walimpa binti yao awe mke wake. Binti huyo aligundua kwamba nguvu za mumewe zilikaa katika kivuli chake, akarudi kwao usiku kuwaambia. Katika vita vilivyofuata kivuli kilichomwa mkuki, na Magere akageuka mwamba. Mwamba unaoonyeshwa kuwa ndiye upo hadi leo katika nchi ya Kano, na wawindaji walikuwa wakinoa silaha zao juu yake kabla ya kwenda porini. Simulizi hiyo inaeleza vizuri jinsi watu wa uwandani walivyouona mlima: hatari ilishuka kutoka huko, na mtu hakupanda bila sababu nzito.

Upande wa juu nao ulikuwa na mambo yake. Masimulizi ya Wanandi yanataja Sheu Morobi, genge ambalo wazee waliochoka kwa umri walilifikia kwa hiari yao ili kuyamaliza maisha. Ni vigumu kupata kinyume kikubwa zaidi cha sherehe ya kuzaliwa, na hayo yalifanyika kwenye majabali ya ukingo uleule.

Reli ndiyo iliyobadilisha maana ya ukingo. Njia kutoka Mombasa ilishuka kupitia Fort Ternan, Muhoroni na Kibigori, ikafika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901. Wanandi waliipinga kwa miaka mingi, wakachukua nyaya za simu na vyuma vya reli, hadi tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Koo za Kamelilo na Kapchepkendi, zilizokaa karibu na reli, zikafukuzwa kutoka ardhi zao. Nafasi zilizoachwa zilichukuliwa na walowezi, na chini ya ukingo ikaja miwa: kiwanda cha Miwani katika miaka ya 1920, kisha Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960. Mandhari ambayo wapandaji wa leo huyapiga picha, zulia la kijani linaloishia ziwani, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya mambo hayo.

Watu walipanda pia kwa ajili ya sala, na hiyo ndiyo desturi ya kupanda pamoja yenye mizizi mirefu zaidi katika Nyanza. Got Ramogi, huko Yimbo, huheshimiwa kama makao ya mwanzo ya Waluo walipoingia nchini. Kit Mikayi, rundo la majabali ya graniti huko Seme, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, lilikuwa mahali pa kuombea mvua na kutolea sadaka. Baadaye makanisa ya Kiafrika yaliingia mahali hapohapo kwa ngoma, kanzu na mishumaa. Legio Maria, lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lina mlima wake mtakatifu, Got Kwer, katika kaunti ya Migori, na waumini huupanda kwa makundi wakiimba. Mtu akitafuta babu wa matembezi ya leo, yaani kundi, nyimbo, chakula cha kugawana na furaha ya kufika juu, atamkuta hapa kabla ya kumkuta kwa Wazungu.

Kupanda kwa kujifurahisha tu, lakini, kulikuja kwa njia ya kikoloni. Tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder na waongozaji wake wawili wa milima ya Alps walifika kilele cha Batian katika Mlima Kenya. Klabu ya Milima ya Kenya iliundwa mwaka 1949, na kwa muda mrefu Waafrika walihesabika milimani kama wapagazi. Picha hiyo ilianza kugeuka usiku wa Uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya taifa kwenye Mlima Kenya. Katika Nyanza, hata hivyo, kazi kubwa ilifanywa na shule. Skauti, ziara za somo la jiografia na Tuzo ya Rais, mpango ulioanza mwaka 1966 ukimtaka kijana asafiri kwa miguu nyikani, viliwazoesha wanafunzi wazo ambalo babu angelicheka: kupanda jabali na kushuka bila ng'ombe, bila kuni na bila sala.

Shule hiyohiyo ndiyo iliyoleta tarehe. Kwa Waluo, jina la mtoto lilishika saa au hali ya kuzaliwa: Omondi wa alfajiri, Ochieng' wa jua la mchana, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua. Mtoto wa kiume alitolewa nje ya nyumba siku ya nne na wa kike siku ya tatu, na hiyo ilikuwa sherehe yake ya kuzaliwa, moja kwa maisha yote. Mwaka ulikumbukwa kwa tukio, kama njaa, nzige, au mafuriko ya wakati wa Uhuru, ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 1961. Wanandi walihesabu kwa rika, ibinda saba zinazozunguka na kurudi, hivyo mtu alijua vyema nani alitahiriwa pamoja naye bila kujali siku aliyozaliwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1928, ikawafikia Waafrika wa vijijini polepole sana. Hata watu mashuhuri wa kizazi kile wana tarehe za kubahatisha. Nyaraka za baba yake Barack Obama, aliyezaliwa upande wa pili wa ghuba, zinatofautiana kati ya 1934 na 1936. Fomu za kuingia shule na za kufanya mitihani ndizo zilizomlazimu kila mzazi kutaja siku, mwezi na mwaka. Siku ikishaandikwa, kuisherehekea hakukuchelewa.

Bwenini sherehe ilipata umbo lake la Kenya: anayetimiza mwaka huviziwa na wenzake akamwagiwa maji, pengine na unga juu yake. Walipoipeleka mlimani vijana hawakuiacha desturi hiyo, na ndiyo maana katika kundi la sherehe kuna mtungi wa maji ambao hakuna anayeruhusiwa kuunywa njiani. Keki hupanda kwa shida zaidi kuliko watu. Wengi hukata shauri la mandazi au chapati.

Majira nayo yamepangwa na shule. Likizo ya Aprili huangukia katika masika, ambayo Waluo huyaita chwiri, na Pasaka mara nyingi huwa karibu. Mvua za kwanza husafisha vumbi na moshi wa kiangazi, ukingo ukawa kijani, na ziwa likaonekana kutoka juu. Lakini ndio wakati mbaya wa kukwea. Graniti iliyolowa huteleza, na kila alasiri upepo wa ziwa hukutana na hewa ya mashariki juu ya ukingo, zikazaa radi na ile mvua ya mawe iliyoipa Kericho na Nandi Hills sifa duniani. Wenyeji huanza kupanda kabla ya jua kuchomoza na kuwa wameshuka kufikia saa saba. Wageni kutoka mjini ndio hukutwa juu saa tisa, wakijikinga chini ya mti, mahali pabaya kuliko pote.

Si kila kundi hufika ukingo wa Nandi. Kutoka Kisumu vilima vya Kajulu na Riat viko karibu zaidi. Wenye gari huenda Mlima Homa, ng'ambo ya ghuba. Kit Mikayi huvuta wengi kuliko pengine pote, kwa kuwa kuna ada ya kiingilio, waongozaji na kina mama wanaowakaribisha wageni kwa ngoma. Desemba 2019 UNESCO iliingiza mila za Kit Mikayi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, maana wanaozijua wamezeeka na vijana hawazifuati. Kwenye jabali hilohilo, siku ya Jumamosi, waumini hufunga na kuomba ndani ya mapango huku juu yao kundi la sherehe likipiga picha, na waongozaji huwataka wapiga picha wangoje hadi sala iishe.