Nani Mwenye Wimbo? Umiliki wa Nyimbo Zilizorekodiwa Katika Mpanda, Tangu Redio Hadi Intaneti

Kwa miaka mingi Mkristo wa Mpanda aliyetaka wimbo alikwenda kwenye kibanda karibu na soko, akamkabidhi kijana mwenye kompyuta memori kadi ya simu yake, akazitaja kwaya azipendazo, akalipa fedha kidogo na kuondoka na nyimbo mfukoni. Siku hizi wengi hawapiti tena huko. Hununua bando na kuusikiliza wimbo ule ule moja kwa moja kutoka intaneti. Kwa mtazamo wa haraka hakuna kilichobadilika. Sisi tunaona kwamba kimebadilika kitu kikubwa, nacho ni umiliki. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia ya jambo hili kwa kutazama mji mmoja ulio mbali, kwa maana umbali hufichua mambo ambayo mkazi wa Dar es Salaam aweza kuishi bila kuyaona.

Mpanda ya leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mji ulikua kwa sababu ya madini ya risasi, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili ya mgodi huo katikati ya karne ya 20. Mgodi ulikwisha, reli ikabaki. Umeme, kwa muda mrefu, ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Basi kitu kilichofika kwa behewa, au ndani ya mkoba wa msafiri, kilithaminiwa na kutunzwa, maana haikujulikana kingine kingefika lini.

Sauti ya kwanza iliyofika bila behewa ilikuwa ya redio. Mwaka 1963, mwaka uleule ambao KKKT iliundwa, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha kituo cha Addis Ababa kilichorusha Injili kwa lugha nyingi, na studio ya Sauti ya Injili kule Moshi ilitayarisha vipindi vya Kiswahili. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilirekodi kwaya kwa wingi. Msomaji kijana huenda akadhani kwamba kusikiliza wimbo usioumiliki ni jambo jipya lililoletwa na intaneti. Sivyo. Msikilizaji wa redio hakumiliki chochote. Wimbo ulipita, na kanda ilibaki kituoni. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo cha Addis Ababa. Siku ile wasikilizaji wa nchi nyingi walibaki na redio zao na betri zao, lakini hazina ile ya vipindi haikuwa yao, wala hapakuwa na mlango wa kubisha.

Kaseti iliibadilisha hali hiyo. Ilibuniwa na kampuni ya Philips na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, lakini kwetu ilienea hasa miaka ya 1980 na 1990. Kwa mara ya kwanza mkulima aliweza kuwa na kwaya ndani ya nyumba yake, akaisikiliza saa aitakayo, akaiazima kwa jirani na kuidai irudishwe. Tukumbuke pia kwamba katika eneo hili yalikuwapo makazi ya Katumba, yaliyoanzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo, yaliyoanzishwa mwaka 1978, kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Nyimbo ni mali nyepesi kuliko zote kwa mtu aliyeacha vyote. Katika makazi ya aina hiyo hiyo mkoani Tabora ilitoka kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, ambayo jina lake limebeba namba ya barabara ya makazi hayo, na kaseti zake zilisikika mbali sana na barabara hiyo.

Hata hivyo, tusiipambe kaseti kupita kiasi. Redio yenye sehemu mbili za kaseti ilitosha kumfanya mtu yeyote kuwa mnakilishaji. Kwaya nyingi ziliuza rekodi yao mara moja kwa mfanyabiashara, zikapokea fedha ya mkupuo, na baada ya hapo hazikujua ziliuzwa kaseti ngapi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, ikaweka msingi wa COSOTA. Mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye bidhaa za muziki na filamu. Sheria hiyo hutenganisha mambo ambayo sharika zetu huyachanganya: haki ya mtunzi wa wimbo, haki ya waimbaji, na haki ya aliyegharimia rekodi. Mwalimu wa kwaya akitunga, kwaya ikiimba na mfadhili akilipa studio, wapo watu watatu wenye madai, na mara nyingi hakuna hata karatasi moja iliyoandikwa kati yao.

Jambo hili si geni katika mapokeo yetu. Vitabu vya kwanza vya nyimbo vya Matengenezo vilichapishwa mwaka 1524, na mwaka uliofuata Luther aliwakemea vikali wachapaji walioiba maandishi yake na kuyachapa mahali pengine kabla ya mchapaji wake. Ni vema kuangalia alilalamikia nini. Hakuwa akiwatoza wachapaji ujira kwa maandishi yake. Kilichomchoma zaidi ni kwamba nakala za wizi zilijaa makosa, hata asiitambue kazi yake mwenyewe. Lakini Luther huyo huyo alitaka nyimbo ziwe mikononi mwa watu, na kitabu cha nyimbo kilichonunuliwa hakikurudi kwa mchapaji hata mchapaji alipofilisika.

Memori kadi ndiyo iliyorithi nafasi ya kaseti. Faili la wimbo halichakai kwa kunakiliwa kama ukanda wa kaseti ulivyochakaa. Nakala ya mia husikika kama ya kwanza. Kijana wa kibandani hakuilipa kwaya hata senti, nasi hatutaki kuuita wizi huo kwa jina jingine. Lakini ukweli wa historia ni mgumu: nyimbo nyingi zimesalia kwa sababu zilinakiliwa na watu wasiokuwa na haki ya kuzinakili. Njia ya halali ilijaribiwa. Duka la iTunes lilianza kuuza nyimbo moja moja mwaka 2003. Hapa nchini ilikuwapo tovuti ya Mkito, na mwaka 2017 ikafuata Wasafi.com ya msanii Diamond Platnumz. Katika mauzo ya namna hiyo mnunuzi hulipa mara moja na faili hubaki kwake. Wakristo wa Mpanda, kwa kadiri tulivyoona, hawakuizoea njia hiyo; waliruka kutoka kibandani moja kwa moja hadi YouTube, Boomplay na, tangu mwaka 2021, Spotify.

Sasa mtu analipia nini? Analipia ruhusa. Akiacha kulipa, hata nyimbo alizozihifadhi ndani ya programu hunyamaza. Fedha hazigawanywi kwa bei ya wimbo, bali huwekwa katika fungu moja na kugawanywa kwa kadiri nyimbo zilivyosikilizwa, hivyo kwaya ndogo hupata kidogo sana. Lililo zito zaidi ni kwamba mwenye ghala aweza kulifunga. Mwaka 2009 Amazon iliviondoa vitabu viwili vya George Orwell kutoka vifaa vya watu waliokwisha kuvinunua, kisha ikaomba radhi. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kupoteza muziki uliopakiwa kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Hata aliyenunua faili hana haki zote za mwenye kaseti: katika kesi ya ReDigi ya mwaka 2013, mahakama ya Marekani iliamua kwamba faili la muziki haliwezi kuuzwa tena kama sahani ya CD iliyotumika.

Tunajua yatakayosemwa. Intaneti imeipeleka kwaya ya Mpanda hadi kwa ndugu walio ng'ambo, na hakuna mzigo wa kaseti zisizouzika chini ya kitanda cha mwenyekiti. Tunakubali. Lakini tunaufahamu usharika mmoja ambao akaunti ya kwaya ilifunguliwa na kijana mmoja kwa barua pepe yake binafsi. Kijana alihama kutafuta kazi, simu ikapotea, neno la siri likasahaulika. Nyimbo zinaonekana hadi leo, kila mtu azisikiliza, wala kwaya haiwezi kusahihisha hata jina la mtunzi lililoandikwa vibaya. Walipotafuta faili za asili, studio ilikuwa imekwisha kufungwa. Wimbo wao wanausikia kama mgeni anavyousikia.

Na katika usharika mwingine, hapo hapo Katavi, kwaya ilipotaka kuimba tena nyimbo zake za miaka ya 1990 haikupata nakala hata moja kwa mwanakwaya yeyote. Kaseti ilipatikana kwa mama mjane asiyekuwa mwanakwaya. Aliinunua siku ya sikukuu ya mavuno na kuihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ilihamishiwa katika flashi mbili, moja ikawekwa katika ofisi ya usharika na ya pili akapewa yeye. Mama huyo alikataa kuitoa kaseti yake kwa siku zile tatu za kunakili mpaka mwinjilisti alipomwandikia risiti.