Vyombo Vilivyochorwa Katika Mahame ya Pwani

Msomi wa Kiswahili atajapo magofu ya pwani, aghalabu humkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye katika Al-Inkishafi aliyafanya majumba ya Pate kuwa mawaidha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kuta zenyewe nazo zina la kusema, tena kwa niaba ya watu wasioacha utenzi wala waraka.

Katika Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 huko Kilwa Kisiwani, na vilevile katika Songo Mnara na Gedi, mna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwa ncha kali juu ya lipu ya chokaa. Peter na Margaret Garlake waliieleza mwaka 1964. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, Wareno nao walichora ukutani kwa makaa na rangi nyekundu. Wao walichora merikebu zao na askari wao.

Hapana budi kuwa na tahadhari. Michoro hiyo haina jina wala tarehe. Umri wa ukuta hutupa mwanzo tu, kwani huenda mchoraji alikuja baada ya wenyeji kuhama. Wala si kila chombo kilichochorwa ni mtepe.

Hata hivyo, mtepe ndio unaotuhusu zaidi. Chombo hicho kilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, kikaendeshwa kwa tanga la mkeka lenye pembe nne. Katika karne ya 20 kilitoweka baharini, na chombo kinapotoweka maneno yake hubaki bila kazi. Omo, tezi, foromali na demani yangali yanatumika katika majahazi. Lakini istilahi za ushonaji wa mbao zimo hatarini.

Wanaakiolojia wameipima michoro. Sisi wanaisimu hatujaitumia ipasavyo. Yafaa nakala zake zipelekwe kwa mabaharia na mafundi wazee wa Lamu, Kilwa na Unguja, waulizwe jina la kila mstari. Kilwa na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa miongoni mwa yaliyo hatarini. Ukuta usio na paa hulowa kila masika, na lipu ikibanduka hairudi. Mzee naye hangoji.