Almasi na Kalamu ya Risasi

Wasikilizaji wetu, tukichora kwa kalamu ya risasi, twaacha mstari mweusi karatasini. Na tukiusugua unga wake vidoleni, huteleza kama mafuta. Lakini almasi, kama zile zilizovumbuliwa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, hukata kioo. Nani angedhani ya kuwa vitu hivi viwili ni vya asili moja?

Jina lenyewe la kalamu hiyo lina kosa. Zamani watu wa Ulaya walipoliona lile jiwe jeusi laini walidhani ni namna ya risasi. Jina likabaki, nasi tukalipokea. Mwaka 1772 Lavoisier, mtaalamu wa Ufaransa, alitia almasi katika chombo kilichofungwa, akaikusanyia mwanga wa jua kwa kioo kikubwa cha kukuzia. Almasi ikaungua, ikatoa hewa ile ile itokayo katika makaa yawakayo, nayo huyafanya maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Mwaka 1779 Scheele wa Sweden akaonyesha kwamba lile jiwe la kalamu nalo ni kaboni, wala si risasi. Hata mwaka 1797 Smithson Tennant, Mwingereza, akapima kwa mizani: almasi na makaa ya uzito mmoja yalitoa hewa ya kiasi kimoja.

Hapo ndipo lilipozuka swali gumu zaidi. Ikiwa kitu ni kimoja, ugumu watoka wapi? Kwa miaka zaidi ya mia mizani haikuweza kujibu, maana mizani hupima kiasi, haionyeshi mpango.

Jibu lilikuja kwa miali ya eksirei. Mwaka 1912, kwa shauri la Max von Laue wa Ujerumani, ilionekana kwamba miali hiyo ikipita katika fuwele huacha alama zenye taratibu. Mwaka 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence, huko Uingereza, walizitumia alama hizo kutambua mahali pa atomu za almasi. Waliona kila atomu imeshikwa na wenzake wanne, pande zote, kwa umbali ulio sawa, kama nyumba ambayo kila mti umefungwa kwa mingine. Mwaka 1924 J. D. Bernal alieleza mpango wa lile jiwe la kalamu: kila atomu imeshikwa kwa nguvu na wenzake watatu tu, zikafanya matabaka kama karatasi zilizopangwa. Toka tabaka hata tabaka umbali ni zaidi ya mara mbili ya ule ulio kati ya atomu na jirani yake; mshiko wake ni dhaifu, basi matabaka huteleza na kubaki karatasini.

Tena, kila atomu ya kaboni ina elektroni nne za kuungia. Katika almasi zote zimefungwa. Katika jiwe la kalamu moja husalia, nayo hutembea katika tabaka. Ndiyo sababu jiwe hilo hupitisha umeme, na almasi haipitishi.

Ushahidi wa mwisho ulipatikana Marekani mwaka 1954, kaboni ilipogeuzwa kuwa almasi kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Kaboni ilibaki kaboni ile ile. Walibadili mpango tu.

Basi, wasikilizaji, mkiulizwa kitu fulani ni kigumu kwa nini, msiulize tu kimefanywa kwa nini. Ulizeni pia sehemu zake zimeshikana namna gani.