Ardhi Inayopumzika: Somanda na Ramani Zake

Muulize mtu wa mjini kuendeleza kiwanja ni nini. Atakujibu bila hata kufikiri: kujenga. Msingi, kuta, bati, basi. Sasa mwombe mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe akuonyeshe kipande cha ardhi anachokitunza kuliko vyote. Kuna uwezekano mkubwa akakupeleka kwenye ngitili, na utakachokiona pale ni nyasi na migunga tu. Utadhani kapasahau. Kumbe pamefungwa tangu masika kwa makusudi, ili kiangazi kikikaza, ndama na ng'ombe waliodhoofika wapate pa kula.

Mimi historia ya mipango ya ardhi kule Bariadi naisoma kama ugomvi juu ya neno hilo moja, kuendeleza. Ni ugomvi wa zamani, na haujaisha.

Somanda ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji wa Bariadi. Wengi wa nje wanalijua jina hilo kwa sababu ya hospitali. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Simiyu, kwa sehemu kubwa ukimegwa kutoka Shinyanga, Bariadi ikawa makao makuu. Mji uliozoea mambo ya wilaya ukatakiwa ghafla uwe na ofisi za mkoa, nyumba za watumishi, barabara za lami na viwanja vya kuuza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa mzima. Ile ya 2022 ikakuta 2,140,497. Watu hao wanahitaji pa kukaa, na mji haukui hewani. Unakua juu ya mashamba ya watu.

Hapo ndipo anapoingia mpima na bikoni zake. Na kila mpima anapokuja, huja na ramani ambayo juu yake shamba la mtu ni eneo jeupe. Tatizo ni kwamba eneo lile halijawahi kuwa jeupe.

Katikati ya miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliwafundisha wanasayansi wenzake kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, kama mnyororo. Dunia ya wataalamu ikaipokea hoja hiyo kwa heshima, na mpaka leo inafundishwa vyuoni. Lakini Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo siku nyingi. Luseni ni kichanga cha juu, chepesi kulima. Itogolo ni ule udongo mgumu wa chini ya mteremko, unaofaa malisho. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, unaonasa matairi masika na kupasuka nyufa kiangazi. Ukijua majina hayo unajua wapi pa kujenga, wapi pa kulima, wapi pa kuchungia na wapi pa kuacha. Jamani, hiyo ni ramani ya matumizi ya ardhi. Ilikosa karatasi tu.

Waingereza walileta karatasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, wakati huo Bariadi ikiwa sehemu ya Wilaya ya Maswa. Yalikuwemo mambo mazuri: malambo yalichimbwa, na mapori yenye mbung'o yakafyekwa ili watu wahamie upande wa mashariki. Lakini yalikuja na masharti. Idadi ya watu na mifugo ipimwe kwa eneo, ng'ombe wapunguzwe kwa kuuzwa kwa lazima, matuta yalimwe hivi na si vile, na asiyefuata atozwe faini. Masharti yalipita mikononi mwa watemi, na chuki ikawafuata huko huko. Serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958, lakini kabla miaka ya 1950 haijaisha, masharti yenyewe yalikuwa yameshindwa kusimamiwa. Wataalamu wale hawakukosa elimu. Walikosa mtu wa kumuuliza, maana waliamini hakuna wa kuulizwa.

Ramani iliyofuata tuliichora wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka 1974 Operesheni ikaingia Mkoa wa Shinyanga. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila boma na mashamba yake na ngitili yake, zikasogezwa kwenye mistari ya nyumba. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu. Ila mtu aliyehamishwa aliacha itongo lake, yaani mahali pa boma la kale lenye mbolea ya miaka mingi, na akaacha ngitili bila mlinzi. Ngitili isiyo na mlinzi haimalizi mwaka. Pamoja na ukataji miti, na kilimo cha pamba kilichokuwa kikizidi kupanuka, nchi ikabaki uchi. Katikati ya miaka ya 1980 watu walikuwa wakiuzungumzia Mkoa wa Shinyanga kama jangwa linalokuja.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na Bariadi ikiwamo kwa kuwa bado ilikuwa sehemu ya mkoa huo. Baada ya muda wataalamu wa mradi waligundua kwamba miche ya kugawa haitoshi, wakawauliza wazee walikuwa wanafanyaje zamani. Jibu likawa ngitili. Sheria zake zikarudi kujadiliwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na huko ndiko ilikoamuliwa lini pafungwe, lini pafunguliwe, na anayelisha kwa wizi alipe nini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ardhi ile iliendelezwa kwa kuachwa.

Sheria zetu nazo zilikuwa zikijifunza, polepole. Operesheni iliacha kesi nyingi za watu waliodai mashamba yao ya zamani, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki hizo kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe kutoka upande wa Mbulu, Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Mwaka 1999 zikaja sheria mbili, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na zote zikaanza kutumika Mei 2001.

Msomaji, hapa naomba usome taratibu kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inapoeleza lini ardhi ihesabike imetelekezwa, inataja kuipumzisha kama moja ya matumizi halali. Kwa hiyo upande wa kijijini mwenye ngitili yuko salama. Lakini mji ukipanuka, eneo likatangazwa kuwa la mipango miji na kijiji kikageuka mtaa, mambo yanabadilika. Hati ya kiwanja cha mjini kwa kawaida huja na sharti la kujenga ndani ya miezi 36. Kwa hiyo nyasi zile zile, na mtu yule yule. Jana alikuwa anatumia ardhi yake vizuri, leo ana eneo lisiloendelezwa. Kilichohama ni mpaka wa kwenye karatasi.

Najua afisa mipango miji atanijibu nini, na jibu lake lina uzito. Mji usiopangwa unaumiza maskini kwanza. Gari la wagonjwa halipiti, bomba la maji halina njia, na mtu anajenga kwenye mbuga halafu masika inamletea maji chumbani. Tumetumia miaka mingi na fedha nyingi kwenye programu ya kitaifa ya kurasimisha makazi ya 2013 hadi 2023, tukirekebisha kile ambacho kingepangwa mapema kwa bei nafuu. Kupanga, kupima na kumilikisha ni kazi ya lazima. Wala sisemi kila ngitili ibaki katikati ya mji.

Ninachosema ni kwamba safari hii sheria imeacha mlango wazi ambao mkoloni hakuuacha, na Operesheni haikuuacha. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji ikutane na wadau, wakiwamo wenye ardhi, na isikie maoni na pingamizi zao kabla mpango kabambe haujapita. Anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja naye hutakiwa kutangaza, ili jirani apate nafasi ya kupinga. Mpango kabambe kwa kawaida hutazama miaka 20 mbele. Yaani mkutano wa mchana mmoja unaweza kuamua mjukuu wako atachunga wapi, au kama atachunga kabisa.

Tatizo la mlango huo ni kwamba hauonekani kwa urahisi. Tangazo hubandikwa ubaoni kwa Kiswahili cha ofisi, na wengi wanaoguswa wako shambani. Siku bikoni zinapozikwa ndipo watu hukusanyika, na hapo maneno yanayobaki ni ya fidia tu: kiasi gani, lini, nani hakuandikwa. Fidia ni haki, na sheria inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Lakini fidia ni mazungumzo ya mwisho. Mazungumzo ya mwanzo ni wapi bonde libaki wazi, njia ya ng'ombe ipite wapi, na itogolo gani isijengwe.

Kama ningekuwa na sauti kwenye mkutano wa aina hiyo pale Somanda, ningeomba kitu kimoja kabla ramani haijafunguliwa. Wazee waitembeze timu ya upimaji kwa miguu, kutoka luseni hadi mbuga, na kila mahali paandikwe kwa jina lake. Halafu ndipo tubishane kuhusu barabara.