Bei ya Kitabu, na Kile Tunachouziwa

Kabla reli ya kutoka Tanga haijafika Moshi mwaka 1911, kila kitabu kilichosomwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kilipanda huko juu ya kichwa cha mpagazi. Kilitoka Pangani, au Tanga, au Mombasa, kikakata nyika siku nyingi pamoja na majora ya nguo na shanga, na ndani ya bei yake lilikuwamo jasho la huyo aliyekibeba. Leo kijana aliyeko Moshi hukaa barazani, akagusa kioo kwa kidole, na kitabu kutoka Marekani kikamfikia kabla chai yake haijapoa. Hapana mpagazi, hapana reli, hapana karatasi wala wino. Basi mbona mara nyingi anatakiwa alipe bei iliyo karibu na ile ya kitabu cha karatasi, na pengine zaidi?

Swali hili limekwisha kuingia majumbani mwetu huku pwani, kwa kuwa watoto wetu wanasoma bara, na kutoka huko wanatuletea maombi ya fedha za kununulia kibao cha kusomea na vitabu vya kutia ndani yake. Mzazi mmoja hutoa bila kuuliza, mwingine hukataa kwa kudhani ni mchezo. Wote wawili wangefanya vyema kuuliza kwanza: ni kitu gani hasa kinachouzwa?

Wazee wetu waliujua ughali wa kitabu kuliko sisi. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, walikuwako mafundi wa kunakili Misahafu kwa mkono. Fundi alichonga kalamu yake, akachanganya wino wake, akapamba kurasa kwa rangi, kisha zikatiwa jalada. Mtu hakuupata Msahafu kama huo kwa fedha ya sokoni ya siku moja. Lakini tazama walivyoutumia. Katika Misahafu ya mkono iliyobaki pwani yetu imo iliyoandikwa maneno ya wakfu, kwamba haiuzwi wala hairithiwi na mtu mmoja, bali ni ya wenye kusoma. Mmoja alilipa, wakasoma wengi, yeye yu hai na baada ya kufa kwake. Ukiigawa ile bei kubwa kwa vizazi vilivyosoma, utaona ilikuwa bei ndogo sana.

Kisha kikaja chapa. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliweka mtambo wa kupiga chapa, na kwenye mwaka 1880 zikaanza kutoka juzuu za Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Ibadhi chenye juzuu 90, ambacho hakikuwahi kumalizwa kwenye mtambo ule. Vitabu vya chapa vya Bombay na Cairo navyo vikawa vinaingia bandarini. Bei ikashuka, na mwalimu wa chuoni aliyekuwa na kitabu kimoja akaweza kuwa na vitano. Katika miaka ya 1950 Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipokuwa akiitoa tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili, ilitoka Unguja juzuu baada ya juzuu, mpaka ikatimia katika kitabu kimoja, Qurani Takatifu, Nairobi mwaka 1969. Mwenye kipato kidogo aliweza kununua juzuu moja, akangoja, akanunua nyingine. Na ile moja aliyonunua ilikuwa yake kabisa.

Hapo ndipo ninapotaka ushike, ndugu msomaji. Kutoka kalamu hadi chapa bei ilishuka, lakini haki ya mnunuzi haikushuka hata kidogo. Kitabu cha senti na Msahafu wa Siyu vililingana katika jambo hili: mwenyewe akiazima, akitoa zawadi, akiuza, akiweka wakfu, hapana wa kumwuliza.

Wako waliojaribu kuipunguza haki hiyo, tena zamani. Huko Marekani wachapishaji walioitwa Bobbs-Merrill walipiga chapa ndani ya riwaya yao moja onyo kwamba asiyeuza kwa dola 1 kamili atakuwa ameivunja haki yao. Wenye duka la Macy's la New York wakaiuza kwa senti 89. Wakashtakiwa, na mwaka 1908 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba mchapishaji akikwisha kuuza nakala na kupokea bei yake, hana tena amri juu ya nakala ile. Kila duka la vitabu vikuukuu, na kila kitabu kinachotandazwa chini ya mwembe kwa bei ya kuelewana, kinaishi kwa kanuni ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kibao. Mwezi wa Novemba 2007 kampuni ya Amazon ilitoa kibao chake cha kusomea, Kindle, kwa dola 399, na vitabu vipya vilivyopendwa ikaviuza dola 9.99, hali ya kuwa jalada gumu lilikuwa likipita dola 25. Wachapishaji wakashtuka, wakaona watu watazoea bei ile. Mwaka 2010 Apple ilipotoa kibao chake, watano kati ya wachapishaji wakubwa walipatana nayo kupandisha bei hadi dola 12.99 na 14.99. Serikali ya Marekani ikawashtaki mwaka 2012 kwa kula njama juu ya bei. Wachapishaji wakasuluhishana nayo, Apple ikashindwa mahakamani mwaka 2013, na mwisho ikalazimika kurudisha dola milioni 400 kwa wanunuzi. Basi anayesema bei hizi zimepangwa na soko peke yake na asome kesi hiyo.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Karatasi na wino si sehemu kubwa ya gharama ya kitabu kama wengi tunavyodhani, hasa kwa kitabu kinachotolewa kwa malaki. Yupo aliyekiandika miaka mitatu usiku akiwa watu wamelala, yupo aliyekisahihisha, yupo aliyekipanga. Hao hawali hewa kwa kuwa kitabu hakina karatasi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba haki za utungaji ni mali yenye thamani, na haifai kuzidhulumu. Kwa hiyo kijana anayechukua kitabu cha wizi mtandaoni, akajitetea kwamba hakikumgharimu mwandishi hata ukurasa mmoja, hana hoja.

Lakini haki ya mwandishi ni jambo moja, na dhati ya mauzo ni jambo la pili. Mwaka 2009 wasomaji wa Marekani waliamka wakakuta vitabu viwili vya George Orwell, walivyokwisha kuvilipia, vimefutwa ndani ya vibao vyao, kwa kuwa aliyevitia dukani hakuwa na haki navyo. Fedha zao walirudishiwa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vikatoweka mikononi mwa walionunua, hapa pia kwa kurudishiwa fedha. Fikiri mwenye duka la vitabu aingie chumbani mwako usiku, akuachie noti juu ya meza na kuondoka na kitabu! Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins walitangaza kwamba kitabu cha namna hii kikiuzwa kwa maktaba kitaazimwa mara 26 tu, kisha kinakufa mpaka kinunuliwe upya. Na mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya duka la Tom Kabinet la Uholanzi, iliamua kwamba vitabu hivi haviuzwi mkono wa pili bila ya ruhusa ya mwenye haki.

Mwanafunzi wa chuoni aliyesoma mlango wa biashara atakuambia hapa upesi: hii si bai, hii inafanana na ijara. Umekodi, hukununua. Ijara ni halali, watu hupanga nyumba na kukodi jahazi. Lakini nani alipata kusikia mtu analipa kodi ya mwezi kwa bei ya nyumba? Mtume (s.a.w.) alipoombwa na watu wa Madina awawekee bei vitu vilipopanda hakukubali, lakini kuficha hali ya kitu kinachouzwa alikukataza kwa ukali. Kwangu mimi dhulma iliyo kubwa si ile tarakimu ya bei, ni lile neno "nunua" lililoandikwa pale penye kugusa kidole. Na jimbo la California limeliona hilo: kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, muuzaji wa vitu vya namna hii hana ruhusa kutumia neno la kununua bila ya kumweleza mteja wazi kwamba anapewa idhini tu.

Turudi Moshi, maana huko jambo hili lina uso mwingine. Pale iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari. Majarida ya utabibu, ambayo moja laweza kudai maelfu ya dola kwa mwaka, yalifunguliwa kwa nchi maskini tangu Januari 2002 kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao HINARI, na Tanzania imo katika kundi lisilolipa. Kwa daktari wa huko karatasi ndiyo iliyokuwa dhalimu, na mtandao ukamfungulia mlango.

Vilevile Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni vya kusomwa bure, na mwishoni mwa 2022 serikali iligawa vishikwambi karibu 300,000 kwa walimu, vingi vyake vikiwa ni vile vilivyotumika katika sensa ya mwaka huo. Kitabu hakina bei hapo. Lakini kishikwambi ni kimoja, cha mwalimu, na watoto darasani ni wengi. Mwalimu afanye nini? Huenda dukani penye mashine ya kutoa kopi. Tuseme ukurasa ni shilingi 100 na kitabu ni kurasa 150: kile cha bure kimekuwa shilingi 15,000, nacho kimefungwa kwa pini mbili.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akikuandikia kutoka huko kuomba fedha, mjibu kwa maswali. Je, kitabu hicho kiko bure kwa njia ya halali? Akikimaliza, mdogo wake ataweza kukisoma bila ya kupewa simu na neno la siri? Kama ni cha kusomwa mara moja kwa ajili ya mtihani, na bei yake ni kama thuluthi ya kile cha karatasi, mpe akikodi na heri. Kama ni tafsiri, au kamusi, au kitabu ambacho nyumba itakirejea miaka ishirini, ongeza nauli ya basi juu ya bei, na akija likizo aje nacho mkobani, aandike jina la marehemu babu yake kwenye ukurasa wa kwanza.